Alichosahau Bwana Kuwabara

Kila Alhamisi, akishamaliza kuuza samaki wake wa Kilwa, ile ya Katanga, kwenye soko la Kamalondo mjini Lubumbashi, Régine Mapalo alinawa mikono kwa ndimu ili harufu itoke, akachukua fagio lake na kwenda kufagia Kanyumba. Alhamisi hiyo upepo wa kiangazi ulikuwa mkali. Alinyunyiza maji kwa kiganja ili vumbi lisiruke, kisha akaanza kufagia ngazi, kutoka juu kushuka chini.

Bwana Kuwabara alikuwa amekwisha kutoka. Alipiga magoti kando ya njia, akiinua mawe ya pembeni moja moja, akitazama chini ya kila jiwe na kulirudisha vilevile lilivyolala.

“Jambo, mama,” alisema. “Nakusumbua. Haukuona kitu?”

“Jambo, papa. Hapana, leo sikuone kitu.”

“Haina neno. Nitaangalia kule nyuma.”

Alikuwa kijana bado, nywele nyeusi tii, kofia ngumu ya kazi kwapani. Alikufa akiwa mzee, kitandani, kwao Japani. Mwenyewe ndiye aliyewaeleza watu hivyo. Lakini alirudi na umri aliokuwa nao alipoondoka Katanga. Régine alikuwa amepita miaka arobaini. Uso wao ulikuwa mmoja: paji pana, nyusi nyembamba zinazoinama pembeni, sikio la kushoto lililochomoza kidogo. Ila kwa Régine uso huo ulikuwa umetumika zaidi.

Alimwita papa. Neno hilo halikumsaidia kitu, kwa sababu Lubumbashi kila mwanaume mwenye suruali ndefu ni papa.

Kanyumba lilikuwa jina la watu wa mtaa. Jina lake la kweli lilikuwa refu, la Kijapani, na hakuna aliyelishika. Lilikuwa hekalu dogo la dini ya Shinto, na wahandisi wa Kijapani walilijenga zamani, kampuni yao ilipokuwa ikichimba shaba, ndani ya lupango lao, kiwanja kilichozungushiwa ukuta, kwenye njia ya kiwanja cha ndege cha Luano. Walitaka kilima. Kilima hakikuwapo, basi walilijenga juu ya kichuguu, maana vichuguu vya kwetu hupita urefu wa nyumba. Mchwa hawakuhama. Waliendelea kukaa chini, na kwa miaka yote hiyo walikula milango ya nyumba zote za wahandisi, lakini hawakugusa hata ubao mmoja wa Kanyumba.

Mbele palikuwa na lango jekundu: nguzo mbili zimesimama, miti miwili imelala juu yake, hakuna mlango wa kufunga. Ukilipita unapanda ngazi, na juu kuna chumba cha mbao kisichozidi kabati la nguo. Humo ndimo zilimokaa hazina za hekalu, kioo na upanga. Hakuna mtu wa Lubumbashi aliyewahi kuviona.

Kampuni ilipofunga, Mjapani wa mwisho alimpa ufunguo sentineli, mlinzi wa lupango, baba yake Donat Mulenga, akamwachia na maagizo. Vitu vya ndani havifunuliwi. Nguo inayovifunika ikizeeka haivuliwi. Inashonwa mpya na kuvishwa juu ya ile ya zamani. Sentineli alipeleka kazi hiyo kwa Nasoro, fundi wa cherehani wa Kamalondo, Mwislamu wa kutoka Maniema. Nasoro alifikiri kidogo, akasema mfuko ni mfuko. Alishona mpaka alipozeeka, na baada yake akashona binti yake Rachida. Juu ya hariri ya Wajapani ilikuja pamba ya sare za shule, juu ya pamba likaja pazia, juu ya pazia vikwembe, yaani vitenge, vya kila rangi. Kioo kilichokuwa na ukubwa wa sahani kikafikia ukubwa wa gunia la makaa. Upanga ukanenepa kama mtoto aliyefungwa mgongoni.

Bwana Kuwabara alikuja kiangazi kilichofuata kilio cha Marceline, mama yake Régine. Marceline mwenyewe hakurudi. Alipokufa hakuwa amesahau kitu.

Donat, ambaye siku hizo alikwisha kurithi ufunguo na uzee wa baba yake, alifungua Kanyumba ili apanguse vumbi, akamkuta kijana ameketi kati ya kioo na upanga, kofia juu ya magoti. Akamsalimu. Akamwuliza kama amekula.

“Nimekufwa, papa,” kijana alijibu, kwa Kiswahili kilekile alichofundishwa na wachimbaji. “Lakini kuko kitu nilisahau hapa. Sikumbuke ni kitu gani.”

“Kitu kikubwa?”

“Kidogo. Kilikuwa na moto kidogo-kidogo. Nilikuwa nakibeba na mukono moja.”

Habari ilifika Kamalondo kabla ya chakula cha jioni, na kila mtu mzima alijua ni kitu gani. Walikumbuka magari ya mwisho ya kampuni yakitoka kuelekea kiwanja cha ndege, na Marceline amesimama kando ya ukuta na mtoto mkononi, akiwa bado hajamfunga mgongoni kwa sababu alidhani gari moja litasimama.

Lakini hakuna aliyemwambia. Donat alilifikiria jambo hilo usiku kucha, na asubuhi akatoa neno lake.

“Huyu tulimukuta mule ndani. Basi iko kitu ya mule ndani. Na kitu ya mule ndani haifunuliwe.”

Watu waliona amesema sawa. Mtu hawezi kuivunja sheria ya mahali pa watu kwa sababu tu roho inamwuma. Na kwa kuwa haikuwa vizuri pia kumwacha mgeni atafute peke yake, walianza kumletea vitu. Walimletea thermosi ya chai. Walimletea pasi yenye makaa ndani. Mwoka mikate alileta mkate uliotoka motoni sasa hivi, umefungwa kwa kitambaa. Bwana Kuwabara alipokea kila kitu kwa mikono miwili, akakilaza juu ya mkono wake wa kushoto, akakipima uzito, akakitegea sikio. Kisha alikirudisha.

“Hapana. Haiko hii. Asante kwa kutafuta.”

Mwanamke mmoja alileta kuku jike. Huyo alimshika muda mrefu kuliko vingine vyote, na alipomrudisha alionekana amechoka.

Régine alikwenda kwa Donat kuomba ruhusa. Hakwenda na maneno mengi.

“Mama, hata miye inaniuma,” Donat alimwambia. “Lakini baba aliniachia neno moja tu kwa hii dunia, na njo hilo. Nikilivunja nitabaki na nini?”

Basi Régine akaomba kazi ya kufagia. Kufagia hakukukatazwa, wala kusimama karibu naye hakukukatazwa. Alijifunza saa ambayo jua linaingia upande wa ngazi, akawa anafagia hapo saa hiyo, amevua kitambaa cha kichwa ili paji la uso lionekane. Bwana Kuwabara alimsalimu kila mara kwa heshima. Mara moja alimwuliza kama ana watoto. Régine akasema anao wawili, wamekwisha kuoa. Bwana Kuwabara akasema ni vizuri, watoto ni vizuri, na akainama kutazama chini ya ngazi.

Hivyo ndivyo walivyokaa mpaka alipokuja Clovis.

Clovis alikuwa mtoto wa Lubumbashi aliyesoma Kijapani kule Japani kwenyewe. Alikuja na pikipiki na viatu vya kung'aa, akamweleza Donat kwamba kampuni inauza lupango. Kwa kuwa nyumba ya mungu haiuzwi mungu akiwa bado ndani, kuhani atakuja kuzitembelea hazina kwa mara ya mwisho hapa zilipo, kisha azichukue arudi nazo. Watahitaji nguo mpya ya safari.

Rachida alipokea kazi hiyo. Régine alimkuta nje ya duka lake, kitambaa cha bluu kimejaa mapajani, pini mdomoni.

“Bakienda na kioo, naye atakwenda,” Rachida alisema, akitoa pini moja. “Weye utabaki unafagilia nani? Mchwa?”

“Sijue.”

“Sijue, sijue! Miaka yote unasimama mbele yake sawa picha kwa ukuta. Umuambie!”

“Papa Donat alikatala.”

“Papa Donat anakatala hata mvua.”

Régine akacheka. Kisha akashika ncha ya kitambaa ili Rachida akate vizuri. Hakuwa anataka mengi. Nyumba alikuwa nayo, kazi alikuwa nayo, na jina la mama yake lilimtosha. Alitaka tu mtu yule aseme mara moja, mbele ya yeyote, kwamba alichosahau ni yeye. Halafu anaweza kwenda.

“Na akisema hapana?” aliuliza.

“Na sura ile?” Rachida akamnyooshea mkasi usoni. “Weye vaa ile kofia yake tu, batakupatia mushahara wake.”

Siku ya wageni nusu ya mtaa ilikuja, imeoga. Gari lilitoka Luano asubuhi. Walishuka Clovis, mtu wa kampuni aliyevaa suti ya kijivu, na kuhani, mzee mdogo mwenye joho jeupe. Kuhani alisimama chini ya lango jekundu akalitazama muda. Donat alikuwa amelipaka rangi upya, ile rangi ya mabati ambayo ndiyo nyekundu pekee iliyopatikana. Kuhani akaligusa, akatazama kidole chake, akaonekana kuridhika.

Alipanda ngazi polepole. Mbele ya mlango akainama mara mbili, akapiga makofi mara mbili. Watu chini waliona mzee anapiga makofi, nao wakakunja magoti na kujibu kwa viganja vilivyokunjwa, kama chifu anavyosalimiwa. Makofi yao yalikwenda mbali. Kuhani alisubiri yaishe, na kwa adabu akapiga tena. Wao nao wakajibu tena. Ilibidi Clovis ainue mkono.

Donat alimpa munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye kikombe cha plastiki, kwa sababu pombe ya mchele ambayo Wajapani walikuwa wakimwagia mungu wao ilikwisha siku nyingi, na tangu hapo hekalu lilikunywa munkoyo. Kuhani alikunywa mpaka mwisho, akarudisha kikombe, akaomba kingine.

Kisha Donat akafungua mlango. Bwana Kuwabara alikuwa ameketi mahali pake kati ya yale mafurushi mawili makubwa. Alisimama, akainama. Kuhani naye akainama. Walizungumza kwa lugha yao, na Clovis akawatafsiria watu wa chini kwa sauti ndogo.

“Anamusalimia. Anamuambia gari iko, bakwende pamoja. Anasema hatakwenda. Anasema kuko kitu anatafuta.”

Kuhani akageuka. Aliuliza kama watu wa hapa wanakijua kitu hicho.

Donat alivua kofia yake.

“Tunajua,” alisema.

“Anauliza, mbona hamukumuambia?”

Donat akaeleza. Alieleza juu ya baba yake, juu ya Mjapani wa mwisho, juu ya nguo inayovishwa juu ya nguo. Alieleza vizuri, kwa mpango, kama mtu anayejua kazi yake. Alisema vitu vya ndani wamevitunza bila kuvifunua, vyote vitatu. Kuhani alisikiliza, mkono wake ukiwa juu ya kikwembe cha nje cha kioo, kilichochorwa ndege. Alipojibu alisema maneno machache. Clovis akayatafsiri.

“Anasema, ile sheria ni ya kioo na upanga. Anasema muntu hafunikwe. Muntu anaambiwa.”

Donat alitazama ndani ya kofia yake.

“Bangetuambia vile,” alisema.

Mtu wa kampuni alitaka kujua kuna nini. Clovis alimweleza, na kwa kidole akamwonyesha Régine aliyesimama na fagio chini ya ngazi. Mtu wa kampuni alimtazama, kisha akamtazama Bwana Kuwabara, kisha akafuta miwani yake. Alisema kwa upole kwamba kampuni haina habari zozote juu ya maisha ya nyumbani ya wafanyakazi wake wa zamani, na kwamba analisema hilo kwa heshima kubwa. Akaenda kusimama karibu na gari, ambako mtandao ulikuwa mzuri.

Watu wote walimgeukia Régine. Aliweka fagio chini, akapangusa mikono kwenye kikwembe chake, akapanda. Kuhani akampisha.

“Papa Kuwabara.”

“Mama.”

“Kile kitu ulisahau, njo miye.”

Bwana Kuwabara hakucheka, wala hakushangaa. Alilichukua jambo hilo kwa uzito uleule aliopokelea thermosi na pasi na kuku. Alimwomba asogee kwenye mwanga. Alitazama paji lake la uso, nyusi, sikio la kushoto. Kisha akanyoosha mkono wake wa kushoto, na Régine, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, aliinama akalaza kichwa chake juu ya mkono huo. Bwana Kuwabara alikipima uzito. Alikitegea sikio. Mkono wake ulikuwa baridi kama ukuta wa asubuhi, na Régine alifumba macho.

Kisha akakiinua kichwa kile kwa mikono miwili, taratibu, na kumrudishia mwenyewe.

“Hapana, mama,” alisema. “Haiko hii. Ile yangu ilikuwa kidogo.”

“Nilikomaa, papa.”

Alifikiri. Alifikiri kweli, watu waliokuwa karibu walimwona akijaribu.

“Hapana,” alisema mwishowe. “Nilitoka hapa juzi tu. Asante sana kwa kutafuta.”

Régine akashuka. Rachida, ambaye alisubiri chini na mfuko wa bluu, alisema neno moja ambalo Clovis hakulitafsiri.

Kazi iliendelea, kwa sababu ndege haingojei. Rachida alivisha kioo na upanga nguo za safari, akashona mdomo wa kila mfuko papo hapo kwa mkono, na wanaume wanne wakabeba kioo hadi kwenye gari. Kuhani alimwomba Bwana Kuwabara mara ya pili aje nao. Bwana Kuwabara alishukuru, akasema bado hajamaliza kutafuta. Kuhani aliposhuka alisimama mbele ya Régine, akainama mara mbili. Makofi hakupiga. Mtu wa kampuni alifungua mlango wa gari, na wakaenda.

Jioni hiyohiyo mchwa walianza kula Kanyumba. Walianza na mlango. Lupango lilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja aliyetaka kuweka ghala la sementi. Aliambiwa kuna mtu juu ya kichuguu. Akauliza kama anakula. Akaambiwa hapana. Akasema basi akae mpaka mashine zitakapokuja.

Donat alimpelekea mnunuzi ufunguo, ingawa mlango haukuwapo tena, akarudi nyumbani. Rachida alimkuta Régine sokoni, akipanga samaki wake wakubwa mbele na wadogo nyuma.

“Ulimuambia, akakatala,” Rachida alisema. “Sasa kule unarudia nini?”

“Kufagia.”

“Kufagia nini? Kumebaki udongo.”

“Udongo nao unafagiwa,” Régine alisema, akamfungia samaki mmoja kwenye karatasi, na Rachida akampokea.

Alhamisi alinawa mikono kwa ndimu, akaenda. Mbao zilikuwa zimekwisha. Juu ya kichuguu palibaki sakafu ya udongo mwekundu, na Bwana Kuwabara alikuwa amepiga magoti hapo katikati, mikono ya shati imekunjwa, akichunguza udongo kipande kwa kipande. Alikuwa na furaha kidogo. Alisema bila ya kuta kunaonekana vizuri zaidi. Régine alinyunyiza maji upande ambao alikwisha kuuchunguza, akaanza kufagia. Walifanya kazi hivyo kwa muda, kila mtu na sehemu yake, mpaka jua lilipofika upande wa ngazi na Régine akasimama kwenye mwanga, kama alivyozoea.

“Mama,” Bwana Kuwabara alisema, “samahani. Sogea kidogo. Hiyo fasi unasimama, sijatafuta bado.”

Régine akasogea.

Bwana Kuwabara akatambaa hadi hapo, akaweka kiganja chake cha kushoto kwenye alama za miguu ya Régine, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, akatabasamu.

“Hapa kuko moto kidogo,” alisema, akaanza kuchimba, polepole, kwa vidole, ili asikiumize.